Nina uvimbe wa misuli: sindano za Kichina na mazoezi vitanisaidia?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza vitenge sokoni Jinja. Mwaka juzi niligunduliwa na polimayositi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuishambulia misuli. Natumia dawa za kutuliza kinga, prednisoloni na methotreksati. Daktari anasema CK yangu, kile kipimo cha damu cha kuumia kwa misuli, imeshuka vizuri, ila mapaja na mabega bado yananiuma, na kupanda ngazi ni kazi. Wifi yangu ananikataza kujichosha, anasema misuli yenye uvimbe ikitumiwa inachanika. Rafiki yangu wa Kampala huchomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, kwa ajili ya mgongo na amepata nafuu. Je, nami niende? Mazoezi gani hayataniumiza? Na maumivu yakiisha, naweza kuacha prednisoloni?

JIBU: Pole sana, dada. Nianze na wifi yako, maana hofu yake ndiyo inayokuweka kitini. Hakuizua yeye. Zamani hata sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tuliwaambia wenye ugonjwa huu wapumzike tu, tukiogopa kwamba mazoezi yatachochea uvimbe. Miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya tiba ya Karolinska, kule Stockholm, Sweden, waliwapa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, kama wewe, mazoezi ya nyumbani ya dakika 15 na matembezi ya dakika 15, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa 1999: nguvu ziliongezeka, uvimbe haukuzidi. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya wagonjwa wapya ambao ugonjwa ulikuwa bado umewaka. Hao pia hawakudhurika.

Na liko jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Prednisoloni inatuliza uvimbe, lakini ikitumiwa muda mrefu nayo hudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga, na mifupa hupungua uimara. Kwa hiyo shida yako ya ngazi huenda si ya ugonjwa peke yake. CK inapanda pale misuli inapoumia na kuvujisha kilichomo ndani yake. Ikishuka na udhaifu ukabaki, kinachohitajika zaidi ni kuijenga misuli upya. Sindano haijengi msuli. Kazi ndiyo inayoujenga.

Usianze asubuhi mapema mwili ukiwa umekaza. Oga maji ya moto, endelea na shughuli ndogondogo, kisha kwenye saa nne au saa tano uanze. Tembea polepole dakika tano. Keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, usimame na kuketi bila kujisukuma kwa mikono, mara tano. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti; hiyo si aibu, ndiyo njia ya kupima mzigo. Kisha lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyanyua nyonga, hesabu hadi tatu, shusha. Ukiwa umelala hivyohivyo, inua mikono kupita kichwa, kwanza mitupu. Baada ya wiki mbili tatu shika chupa ya maji ya nusu lita kila mkono. Pumua muda wote, usizuie pumzi. Ukiwa unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, kasi inatosha.

Kipimo chako ni kesho yake. Msuli kuuma kidogo na kupoa ndani ya siku moja ni kawaida. Ukiamka umedhoofika kuliko jana, punguza nusu, usiache kabisa. Wengi wanaharibu hapo: siku wakijisikia vizuri wanabeba mabunda ya vitenge toka asubuhi hadi jioni, halafu wanalala siku tatu. Afadhali kidogo cha kila siku.

Watu watakushauri mazoezi ya majini, na kweli maji hubeba uzito wa mwili. Ila kwa sisi wa Jinja, usiingie ziwani wala kwenye Nile: kichocho kipo, na kinga yako imepunguzwa na dawa. Bwawa lenye maji yaliyotiwa klorini ndilo linalofaa.

Sasa akyupancha, tiba ya sindano za Kichina. Kwetu si ngeni. China imekuwa ikituma madaktari Uganda tangu 1983. Uchambuzi mkubwa wa 2012, uliokusanya data za wagonjwa karibu 18,000, ulihusu mgongo, shingo, bega, goti na maumivu ya kichwa. Sindano halisi ziliwapa nafuu kuliko sindano za kuigiza, ila tofauti ilikuwa ndogo. Mgongo wa rafiki yako umo katika kundi hilo. Polimayositi haimo. Kwako sindano zinaweza kupunguza maumivu kwa muda, ukalala vizuri na ukapata nguvu ya kufanya mazoezi, lakini hazizimi uvimbe wenyewe. Na kukaa kwenye taksi kilomita 80 kwenda Kampala na 80 kurudi kutakukaza mapaja. Mimi ningeanza na mazoezi wiki sita kwanza.

Ukiamua kwenda, mwambie daktari wako kabla. Mwambie na mchomaji dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda kama unazo. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako, zitumike mara moja na kutupwa. Usikubali kuchomwa palipo na joto, wekundu na uvimbe wa sehemu moja, zaidi ukiwa na homa. Hilo linaweza kuwa jipu ndani ya msuli, ambalo huku kwetu linajulikana sana, na linataka hospitali siku hiyohiyo. Sindano za kifuani na juu ya bega zinahitaji mkono wenye ujuzi, kwani mapafu hayako mbali. Ukipewa na vidonge au unga usio na jina, ukatae. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi, dawa za jamii ya prednisoloni, zilizofichwa. Baada ya mara tano au sita kama huoni tofauti, tunza pesa zako.

Prednisoloni usiiache ghafla, hata maumivu yakiisha yote. Mwili uliozoea dawa hiyo hupunguza kutengeneza homoni yake, na kuikata mara moja kunaweza kukuangusha vibaya. Daktari ataipunguza hatua kwa hatua. Chakula kikianza kukupalia, pumzi ikiwa fupi, au shingo ikishindwa kubeba kichwa, nenda hospitali bila kungoja miadi.

Siku ya kwanza mwombe wifi yako akae nawe ashike saa. Ahesabu umesimama mara ngapi kutoka kitini ndani ya sekunde 30, aandike kwenye daftari, na mrudie kila Jumapili.