Somo wako anakuombea

Mwanangu Yosefina,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza: ikiwa Yesu ndiye mpatanishi pekee, kama Mtume Paulo alivyomwandikia Timotheo, watakatifu ni wa nini? Halafu ukagusia kwamba siku hizi ukipiga magoti, maneno hayaji.

Hilo la kwanza halinipi shida. Mpatanishi ni mmoja, na hakuna mtakatifu anayeshindana naye. Sikiliza litania, ile sala ya kuitikiana: Mungu tunamwambia "utuhurumie", watakatifu tunawaambia "utuombee", kama unavyomwomba jirani wa jumuiya akukumbuke katika sala zake. Kifo hakikuwatoa katika Kanisa.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Unamfahamu kweli somo wako, mtakatifu unayelibeba jina lake, Yosefina Bakhita? Alizaliwa Darfur mnamo 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa na kuuzwa tena. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Mmoja wa waliomnunua aliagiza achanjwe chale, zaidi ya mia moja, kisha zikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Binti huyo hakuwa na katekista wala kitabu cha sala. Alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu vizuri namna hii, na akatamani sana kumwona na kumheshimu. Mimi naamini ile ilikuwa sala tayari, miaka mingi kabla hajabatizwa Venice, Januari 9, 1890.

Basi maneno yakikukauka, usijilazimishe. Mwambie, "Yosefina, wewe umepita hapa; kaa nami mbele za Bwana." Kisha nyamaza. Robo saa inatosha.

Ila urafiki hauji kwa kulibeba jina lake tu. Soma maisha yake, zoeana naye. Utaona hakuachi ukwamie kwake. Akiwa mtawa wa Shirika la Wakanosa, alionekana akilibusu birika la ubatizo na kusema hapo ndipo alipofanyika mwana wa Mungu. Mtu wa namna hiyo atakuzibiaje njia ya kwenda kwa Yesu?

Liko jambo lake moja ambalo mimi mama yako halijaniingia moyoni sawasawa. Alisema angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila yale yaliyompata asingekuwa Mkristo wala mtawa. Mimi kuna watu hata salamu yao naipokea kwa shida. Kila jioni namwomba aniombee nifike alipofika, na nimeanza kuwataja watu hao kwa majina katika Rozari. Zamani nisingeweza.

Sikukuu yake ni Februari 8. Jumuiya itasali kwetu jioni hiyo. Niandikie nia yako mapema, nitaitaja.

Mama yako akupendaye