Mnaoanza kuandika riwaya za mapenzi, someni hapa kwanza

Wadogo zangu, mwisho msiuchezee. RWA, chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, kwa miaka mingi kilitaka vitu viwili tu: penzi lenyewe ndo libebe hadithi, na mwisho umwache msomaji karidhika na ana matumaini. Ndoa si lazima. Ila ukimuua jamaa sura ya mwisho hapo umeandika kitu kingine, kinaweza kuwa kizuri sana tu, lakini usikiite romansi manake msomaji alikuja akijua watapatana, anachokusubiria ni watapatanaje.

Na hapo kwenye watapatanaje ndo kwenye kazi, na ndo wahusika wa aina mpya wanapoingilia. Zamani wapenzi kwenye hivi vitabu karibu wote wazungu, vijana, wazima wa mwili. Mwaka 1980 Vivian Stephens, mhariri mweusi pale New York, akatoa riwaya ya Entwined Destinies, mwandishi mweusi na wapenzi weusi, na Stephens huyohuyo ni mmoja wa waanzilishi wa RWA. Lakini tuzo yao kubwa ya wakati huo, RITA, mwandishi mweusi wa kwanza kaipata 2019! Miaka karibu 40 jamani. Nigeria wao hawakusubiri mtu, 2014 wachapishaji wa Ankara Press wakaanza kutoa mapenzi ya Waafrika kwa Waafrika.

Kwa hiyo na wewe panua, andika mjane wa miaka 55, andika mtu wa kiti cha magurudumu, ila kubadili jina na rangi peke yake haitoshi, hali ya mtu lazima iguse penzi lenyewe. Mfano kijana wako ni kiziwi, bibie anamgongeaje mlango? Labda anamtumia meseji simu itikisike mfukoni. Wakigombana kwa lugha ya alama alafu umeme ukakatika, mikono haionekani, ugomvi unabaki umening'inia mpaka mmoja wao awashe tochi ya simu, na yule atakayewasha kwanza keshasema kitu kikubwa kuliko maneno. Sini kama hiyo inatoka kwa wapenzi hawa tu, kwingine huipati.

Na tafadhali, mwisho wa furaha usiwe kupona kwake. Apendwe hivyohivyo alivyo. Ukimaliza rasimu mpe kiziwi msomaji wa mapenzi aipitie kabla hujairusha, na umlipe, hiyo ni kazi.