Kuongeza Kilomita za Wiki kwa Ajili ya Mbio Ndefu

Nilipojiandikisha kukimbia marathoni kwa mara ya kwanza, nilikuwa nikikimbia kilomita 30 kwa wiki na nilikuwa na wiki 16 za kujiandaa. Kwa kuwa mbio zenyewe ni kilomita 42 na mita 195, niliona ni lazima nifike kilomita 60 kwa wiki mapema iwezekanavyo, ili muda uliobaki niutumie kuzoea kiwango hicho. Nilifika katika wiki ya tano, na pumzi haikunisumbua hata kidogo. Wiki iliyofuata nikaanza kuhisi maumivu upande wa ndani wa ugoko wa mguu wa kushoto. Mwanzoni yalinijia mwishoni mwa mazoezi tu, kisha yakawa yananipokea tangu hatua ya kwanza, na hatimaye hayakuniacha hata nikiwa kitandani. Daktari alikuta mfupa umeanza kupata ufa. Nilikaa wiki nane bila kukimbia, na marathoni ile ikapita nikiwa nyumbani.

Tangu hapo nimeamini kwamba pumzi ni mshauri mbaya katika suala hili. Mapema kabisa katika mazoezi ujazo wa damu huongezeka na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo mkimbiaji hujiona amekuwa mtu mwingine ndani ya mwezi mmoja. Mifupa na kano haziendi kwa mwendo huo. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, na ndiyo maana hujijenga polepole. Mfupa nao, unapopokea mzigo mpya, huanza kwa kuondolewa sehemu zilizochoka kabla ya kujazwa sehemu mpya zilizo imara zaidi. Kuondoa huchukua wiki kadhaa, na kujaza huchukua miezi. Maana yake ni kwamba kuna kipindi, baada ya kuongeza kilomita, ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuongeza, na hicho ndicho kipindi ambacho mapafu yanakuambia uongeze tena.

Wengi wetu tumefundishwa tusiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Sisemi kanuni hiyo ni mbaya, lakini haitoshi. Kwa mtu wa kilomita 20 ni nyongeza ya kilomita mbili, na kwa mtu wa kilomita 90 ni kilomita tisa, jambo ambalo ni zito sana. Tena ukiifuata kila wiki bila kusimama, utakuwa umezidisha kilomita zako mara mbili katika wiki ya nane. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la wakimbiaji wapya 532 waliokuwa wakijiandaa kwa mbio za maili nne, ambapo kundi moja liliongeza kwa kanuni ya asilimia 10 kwa wiki 13 na jingine likafuata ratiba ya kawaida ya wiki nane. Katika makundi yote mawili, takriban mtu mmoja kati ya watano aliumia. Kwa maoni yangu, swali la kuuliza ni muda gani unakaa katika kiwango kimoja kabla ya kwenda kingine.

Nilipoanza upya nilipanda kwa ngazi. Nilitoka kilomita 30 nikaenda 36, nikakaa hapo wiki tatu, na wiki ya nne nikapunguza kwa takriban robo. Kisha nikaenda 42 kwa utaratibu uleule, halafu 48, halafu 54. Nilifika 60 katika mwezi wa tano. Nakiri kwamba wiki ya tatu ya kila ngazi ilikuwa ngumu kuivumilia, kwa sababu mwili ulikuwa mwepesi na kila kitu kilinishawishi kuongeza, lakini wepesi ule ndio ulioonyesha kwamba ngazi imezoeleka.

Kabla ya kurefusha mazoezi, ongeza siku. Kilomita 40 zikigawanywa kwa siku tatu, kila siku ni zaidi ya kilomita 13. Zikigawanywa kwa siku tano ni nane tu, na miguu hupokea mzigo uleule kwa vipande inavyovimudu. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu anayekimbia mara mbili katikati ya wiki, kidogo kidogo, kisha anaiwekea siku moja kilomita 25. Mimi siruhusu zoezi refu lizidi theluthi moja ya kilomita za wiki. Katika wiki za kupanda ngazi sigusi mazoezi ya kasi, na kilomita zilizoongezwa huzikimbia kwa mwendo unaoniwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

Kuna takwimu za mabingwa ambazo huwapoteza wanaoanza. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwapa wanariadha wake maili 100 kwa wiki, yaani karibu kilomita 160, na mmoja wao, Peter Snell, akashinda mita 800 katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Kinachosahaulika ni kwamba Lydiard alizijaribu maili hizo mwilini mwake mwenyewe kwa miaka mingi, na wanariadha wake hawakuzifikia kwa msimu mmoja.

Kuhusu maumivu, natofautisha uchovu ulioenea kwenye misuli ya miguu yote miwili, ambao huisha baada ya siku moja au mbili, na maumivu ya mguu mmoja ambayo unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole juu ya mfupa. Haya ya pili hunisimamisha siku hiyohiyo, na yasipoisha namwona daktari. Nikipoteza wiki moja kwa ugonjwa au safari, silipi kilomita zilizokosekana. Narudia ngazi niliyokuwa nayo. Nikipoteza wiki mbili au zaidi, nashuka ngazi moja.

Marathoni yangu ya kwanza niliikimbia mwaka mmoja baada ya ile niliyoikosa. Nilikuwa nimekaa kwenye kilomita 60 kwa miezi miwili, kisha, zikiwa zimebaki wiki tatu, nikashuka hadi 45, halafu 35, na wiki ya mwisho nikakimbia 15 tu kabla ya siku yenyewe. Nilisimama mstarini nikiupapasa ugoko wa kushoto kwa kidole, kama nilivyozoea kila asubuhi, na haukuuma.