Kabla ya Kununua Audi TT ya Kwanza, Ijue Historia Yake

Anayetaka kununua Audi TT ya kizazi cha kwanza, lile gari la milango miwili lililotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2006, namshauri aanze na historia yake, kwa sababu mengi ya kukagua yametokana na historia hiyo. La kwangu lilitoka Japani likiwa limetumika, nami naliendesha hapa Dar es Salaam kwa furaha ambayo haijapungua.

Umbo lake lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1995, likiwa kazi ya wabunifu ambao miongoni mwao walikuwa Freeman Thomas na Peter Schreyer. Magari ya maonyesho kwa kawaida hupoteza mvuto yakifika kiwandani, lakini hili lilitoka karibu kama lilivyochorwa, isipokuwa dirisha dogo lililoongezwa nyuma ya mlango. Paa ni tao moja linaloshuka hadi kwenye buti, kifuniko cha tangi la mafuta ni duara la alumini lenye skrubu zinazoonekana, na duara hilo hilo utalikuta ndani, kwenye matundu ya hewa. Herufi TT zinatokana na Tourist Trophy, mashindano ya pikipiki ya Kisiwa cha Man, ambako NSU na DKW, kampuni za ukoo wa Audi, ziliwahi kushindana.

Mgongo huo mzuri, hata hivyo, ulikuwa na gharama yake. Magari ya mwanzo yalipoteza utulivu upande wa nyuma yalipobadilisha njia ghafla kwa kasi kubwa, na baada ya ajali kadhaa nchini Ujerumani, nyingine zikiwa na vifo, Audi iliyaita magari hayo mwishoni mwa mwaka 1999 ili yafungwe spoila ndogo, yaani bawa la nyuma, yarekebishwe saspensheni na kuwekewa ESP, mfumo wa kielektroniki unaolisaidia gari lisiteleze. Wapo wanaopenda gari lisilo na spoila kwa sababu mstari wake ni safi zaidi, mimi nisingelinunua.

Chini ya bodi, TT ni ndugu wa Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, na hiyo ni nafuu kubwa, maana spea nyingi za injini ya lita 1.8 yenye turbo zinaingiliana, hivyo unapokwenda Kariakoo beba namba ya kifaa badala ya jina la gari peke yake. Mkanda wa taimingi ubadilishwe pamoja na pampu ya maji mara tu unapolipokea gari, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya, kwa kuwa ukikatika valvu hugonga pistoni na injini huharibika vibaya. Kwa lile linalosukuma magurudumu yote manne, uliza lini oili ya Haldex, kifaa kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na chujio chake vilibadilishwa. Matuta yetu pia si rafiki wa gari la chini kiasi hiki, kwa hiyo fundi alinyanyue na kukagua bushi kabla ya mazungumzo ya bei.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo huko utalipata kwa aliye nalo tayari. Tanzania inaruhusu, ila kuna ushuru wa uchakavu, yaani tozo la magari ya zamani, ambao ni vyema uupigie hesabu kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kumtumia muuzaji fedha yoyote.