Kitabu cha kujifunzia kusoma spektra

Ndugu, kama shida yako ni kusoma spektra za infraredi na NMR (michoro ya vilele inayosaidia kutambua molekuli: ya kwanza kwa mwanga wa infraredi, ya pili kwa mawimbi ya redio ndani ya sumaku), tafuta kitabu cha Silverstein, Spectrometric Identification of Organic Compounds, na usihangaike na toleo jipya. Kilitoka mara ya kwanza 1963, na majedwali yake ya infraredi hayajachakaa: ketoni ya kawaida bado inatoa kilele cha kundi lake la C=O karibu na 1715 cm⁻¹, na kile cha esta, kampaundi nyingine yenye C=O, hupanda hadi 1740 hivi. Cha mtumba kinatosha. Kitabu cha Skoog kuhusu vifaa vya uchambuzi wa kemikali nacho kizuri, ila kinaeleza zaidi mashine inavyofanya kazi.

Kabla hujatoa hela, ingia hifadhidata za spektra mtandaoni: SDBS ya taasisi ya AIST, Japani, au WebBook ya taasisi ya NIST, Marekani. Zote bure. Funika jina la kampaundi, soma vilele, kisha kisia ni ipi. (Mimi nilipoteza muhula mzima nikikariri majedwali tu!) Ila angalia sampuli ilipimwaje. Ethanoli ya kimiminika ina mgongo mpana wa O–H karibu na 3300; ikiwa mvuke, molekuli hazishikani, kwa hiyo unapata kilele chembamba karibu na 3670. Asiyejua hilo ataapa kwamba ni vitu viwili tofauti.