Acha kukariri kodi za gitaa wimbo kwa wimbo, shika namba

Vijana wa kwaya hapa Mwanza wananitumia sana meseji, kaka naomba kodi za wimbo fulani, yaani zile sauti tatu tatu zinazopigwa kwa pamoja kusindikiza wimbo. Namtumia, wiki ijayo karudi tena anataka za wimbo mwingine, na ukiuangalia huo mwingine ni ule ule wa juzi umebadilishwa kii tu, yaani pale do inapokaa. Mtu ana daftari limejaa kumbe ndani yake kuna nyimbo kama tatu hivi zinazojirudia.

Ushauri wangu, majina ya kodi yaache kwanza, shika namba, yaani kodi imejengwa juu ya sauti ya ngapi ukihesabu do re mi fa so la ti. Na kama umekulia kwaya nusu ya kazi umeshamaliza maana solfa unayo kichwani tangu mdogo. Kodi ya moja ni do mi so, ya nne ni fa la do, ya tano ni so ti re, alafu ya sita ni la do mi, hiyo ndo maina, ile yenye kahuzuni fulani, kwenye jina inaandikwa kwa m ndogo. Ukiwa kwenye G zinakuwa G, C, D na Em, ukiwa kwenye C ni C, F, G na Am, ukihamia D unapata D, G, A na Bm. Majina yanabadilika, namba zinabaki pale pale.

Sasa pima mwenyewe. Jambo Bwana ya Them Mushrooms, hiyo wanayopigiwa watalii kila hoteli, ni moja, nne, tano basi. La Bamba aliyoirekodi Ritchie Valens mwaka 1958, moja nne tano vile vile. Stand by Me ya Ben E. King ya 1961 ni moja, sita, nne, tano na haibadiliki, ubeti huo huo kiitikio hicho hicho, ndo maana kwa anayeanza mi huwa nampa hiyo kabla ya zote. No Woman, No Cry ya Bob Marley inaanza moja, tano, sita, nne, na Let It Be ya Beatles inaanza hivyo hivyo kabisa, mmoja katoka Jamaika wengine Uingereza lakini vidole vyako vinatembea njia ile ile. With or Without You ya U2 nayo ni mzunguko huo huo, wenyewe wanaupiga kwenye D.

Ya tano ndo inayofanya sikio litake kurudi nyumbani, maana ndani yake kuna ti, na ti haitulii mpaka ifike do. Hiyo hiyo ya tano ukiipiga kwa kuiongezea saba, tuseme G7 badala ya G ukiwa kwenye C, unakuwa umeongeza na fa ambayo inataka kushuka kwenda mi, hapo hata asiyejua muziki anahisi wimbo unakaribia kutua.

Kutafuta namba za wimbo usioujua anza na besi. Weka earphone, sio spika ya simu, spika ya simu besi haitoi kabisa utajichosha bure. Imba besi kwa mdomo, tafuta do, alafu usikilize inapohama inakwenda fa au so au la. Mi zoezi hili nalifanyia kwenye daladala za Buhongwa na kwenye kivuko cha Kamanga, gitaa silihitaji, nahesabu tu kimoyomoyo moja, moja, nne, tano, watu wakiniona midomo inacheza shauri yao.

Ila kwenye dansi na seben, ile sehemu ya magitaa kuchangamka watu wacheze, usidanganyike na uchache wa kodi. Nyingi zinazunguka moja, nne, tano lakini kazi iko mkono wa kulia na kwenye kugawana, solo ana njia yake, ridhim yake, besi yake, ukija na kukwangua nyuzi zote sita muda wote unawaharibia wenzako.

Kanisani sasa. Mama anasimama anaanzisha pambio kwa kii anayoijua yeye na Mungu wake, hapo aliyekariri anabaki anahangaika na daftari. We msikilize anapotulia, hapo ndo do, ipate kwenye uzi, weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni mwa gitaa. Kapo inapandisha nusu sauti kwa kila kisanduku, ile nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo, kwa hiyo maumbo ya G, yaani vidole vikikaa kama unapiga kwenye G, ukiweka kapo kisanduku cha kwanza umepata A flati, cha pili A, cha tatu B flati. Na napendelea maumbo ya G kwa sababu hayana kodi hata moja ya kulaza kidole kubana nyuzi zote. Kwenye C kuna F, na F inawatoa watu machozi. Ikikushinda acha uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, wazi, bana wa pili kisanduku cha kwanza, wa tatu cha pili, wa nne cha tatu, ule wa tano na wa sita usiwaguse. Sio F kamili lakini kwenye pambio hakuna atakayekuuliza.