Muulize Mwalimu Fundi: Amali si jalala la waliofeli

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu kapangiwa kidato cha kwanza kwenye shule ya mkondo wa amali, yaani wa kujifunza kazi kwa vitendo, fani ya umeme. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema mtoto mwenye alama nzuri hapelekwi ufundi, na ameanza kutafuta shule ya kulipia. Mimi natamani aende, ila naogopa asije akakosa chuo kikuu. Nifanyeje?
*Mama S., Makorora, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Baba watoto simlaumu sana. Zamani aliyeachwa kwenye uchaguzi wa sekondari ndiye aliyeambiwa "basi kajaribu ufundi". Nimefundisha useremala miaka mingi hapa Tanga, na wazazi walikuwa wakinikabidhi kijana huku wakiniomba radhi: "Huyu kichwa hana, Mwalimu, mpe randa." Nikawa nawauliza, kenchi ya paa inakatwaje na mtu asiyejua pembe?

Sasa mambo yamebadilika, angalau kwenye karatasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari: jumla na amali. Wa amali walianza kidato cha kwanza Januari 2024. Binti yako atafanya mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, kama wenzake, na ujuzi wake utapimwa kwa utaratibu wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Chuo kikuu hakijafungwa. Akimaliza kidato cha nne anaweza kusoma stashahada, na mwenye stashahada ya GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaruhusiwa kuomba shahada. Kwa hiyo asije akadharau Hisabati na Kiingereza kwa kuwa eti yeye ni wa koleo na bisibisi.

Mimi wasiwasi wangu ni mwingine kabisa: karakana. Kabla ya siku ya kuripoti, nenda shuleni. Ofisini salimia tu, kisha omba uoneshwe wanapofanyia vitendo. Kwa umeme, tafuta mbao za kufanyia wayaringi. Ubao uliojaa matundu ya skrubu kuukuu umetumiwa na wanafunzi. Ubao unaong'aa kama wa duka la fanicha, jihadhari. Tazama koleo na testa: zipo mikononi au zimefungiwa kabatini, zina mafuta ya kiwandani bado? Uliza jozi moja wanashika watoto wangapi. Halafu uliza nani anafundisha fani yenyewe. Mtu aliyewahi kuvuta waya kwenye nyumba za watu utamjua kwa maneno mawili. Mwalimu wa fizikia aliyeongezewa kipindi naye utamjua, na si kosa lake maskini.

Ukikuta karakana ni chumba kitupu chenye bango mlangoni, hapo nitasimama upande wa mumeo, na ombeni uhamisho mapema. Ukikuta inafanya kazi, mpeleke na mumeo akajionee kwa macho yake. Wanaume wengi hulegea wakishaona mashine.

Na hijabu, kwa kuwa najua utaniuliza: fupi, imechomekwa ndani ya ovaroli, haina tabu. Ya kuning'inia karibu na kitu kinachozunguka, hapana.

Mwalimu, mimi naunda mashua na ngalawa, kazi nimefunzwa na mjomba tangu mdogo. Vijana wa chuo wanakuja kwangu kujifunza kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao zisivuje, lakini mimi mwenyewe nikiomba kazi naambiwa lete cheti. Kurudi shule siwezi tena.
*Fundi wa pwani, Tanga*

Kaka, huhitaji kurudi shule. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini. Unajiandikisha, unahojiwa, unapewa kazi uifanye mbele ya mpimaji, na palipopungua unajaziwa kwa mafunzo mafupi. Ukifaulu unapewa cheti. Nenda kwenye ofisi yao hapa Tanga ukaulize kama wanapima fani ya maboti. Wakikosa, omba upimwe useremala kwanza, maana anayepachika mataruma, mbavu za chombo, kwenye mkuku, uti wake wa chini, hashindwi na fremu ya mlango. Peleka picha za vyombo ulivyounda, na mteja mmoja au wawili wa kukushuhudia. Usichukue cheti cha kununua. Kuna watu watakufuata nacho.

Hao vijana wa chuo nao wadai chochote, walau pamba na mafuta wanayotumia. Unawafundisha bure halafu wao ndio wanaopata kazi!

Wanangu wamepishana mwaka mmoja. Mkubwa alikuwa la nne mwaka 2024, mdogo la tatu. Nimesikia watamaliza shule ya msingi pamoja. Ni kweli au ni maneno ya kijiweni?
*Baba wawili, Pongwe*

Ni kweli. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na msingi wake ni miaka sita. Mdogo anamaliza la sita 2027. Mkubwa yuko mtaala wa zamani, naye anamaliza la saba mwaka huo huo. Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza. Ada ya shule ya serikali haipo, lakini sare, madaftari na viatu ni mara mbili kwa mpigo, kwa hiyo anza kuweka akiba sasa. Na usimfananishe mkubwa na mdogo kwa matokeo. Hawakusoma mtaala mmoja.